Maswali yenu: Uwanja wa besiboli uliotuvunja moyo

Safari hii ukurasa wa wasomaji umejaa besiboli, jambo lisilo la kawaida kwa jarida linalosomwa zaidi Malindi na Lamu. Jamaa walioko Marekani wamealika, tiketi za ndege zinatafutwa, na maswali yamemiminika. Barua zilizofanana tumeziunganisha.

Wahariri, salaam. Mpwa wangu anaishi Columbus, Ohio. Mwaka jana tulipomtembelea, mimi na mke wangu, alitupeleka kwenye uwanja wa timu kubwa, jina nalihifadhi. Tuliketi ghorofa ya juu upande wa kulia, mechi ya mchana. Kuanzia katikati ya mechi jua lilitupiga usoni, kona ya uwanja iliyo chini yetu hatukuiona, na shingo iliniuma mpaka kesho yake kwa kugeuka kumtazama mpigaji. Vibanda vya chakula karibu nusu vimefungwa, watu wachache. Sasa mpwa anataka tuzunguke viwanja vinne Julai ijayo. Mke wangu amekataa katakata. Ndivyo vilivyo viwanja vyote, au tuliuziwa mbuzi kwenye gunia?
*Mzee wa Barani, Malindi*

Mzee wetu, mengi uliyoyataja ni makosa ya kiti na saa. Ya uwanja wenyewe ni machache, nayo hujulikana kabla ya kulipa.

Tuanze na shingo, maana ndiyo inayoharibu mechi ya saa mbili na dakika arobaini. Karibu kila jambo la maana katika besiboli huanzia kati ya mrushaji na mpigaji, umbali wa mita 18.44. Kiti kisichoelekea hapo ni kiti kibaya hata kikiwa safu ya kwanza. Chukua kiti kilicho mita 60 kutoka besi ya nyumbani (pale anaposimama mpigaji) na mita 15 nje ya mstari wa mpaka wa kulia, kimetazama mbele kuvuka mstari. Ili umwone mpigaji itabidi ugeuze kichwa kushoto takriban nyuzi 75, kisha ukae hivyo hivyo hadi mwisho. Ndiyo maana uliamka na shingo ngumu.

Kasoro hiyo ni urithi wa miaka ya 1960 na 1970, miji ilipojenga viwanja vya mviringo ili besiboli na futiboli ya Kimarekani zitumie jukwaa moja. Three Rivers wa Pittsburgh, Riverfront wa Cincinnati na Veterans wa Philadelphia vilikuwa vya namna hiyo, na vyote vimeshabomolewa. Mwaka 1992 Baltimore ikafungua Camden Yards, uwanja wa besiboli peke yake, katikati ya mji, viti vimegeuzwa kuelekea mchezo, na miji mingine ikaiga. Toronto, ambayo uwanja wake ni wa 1989, ilivunja jukwaa lote la chini na kulijenga upya kwa msimu wa 2024 ili viti vitazame besi ya nyumbani. Lakini usidhani uwanja wenye sifa umepona. Fenway Park ya Boston, iliyofunguliwa 1912 na inayopendwa kupita kiasi, ina viti vya upande wa kulia vinavyotazama katikati ya nyasi, na nguzo za chuma zinazoshika paa zimesimama kati ya watazamaji.

Kona uliyoikosa ni hesabu ya macho tu. Ukiwa ghorofa ya juu, ukingo wa sakafu iliyo mbele yako hukata sehemu ya uwanja iliyo chini kabisa upande wako. Ukikaa juu kulia, unapoteza kona ya kulia. Ukikaa juu kushoto, unapoteza ya kushoto. Kiti cha nyuma kabisa ghorofa ya chini kina ubaya wa kinyume chake: sakafu ya juu inakuwa paa lako, mpira ukipigwa juu unapotea machoni, nawe unabaki kusikiliza watu wakishangilia usichokiona. Wrigley Field ya Chicago, ya mwaka 1914, ina hilo, na nguzo pia.

Jua nalo lina kanuni. Kitabu cha sheria kinapendekeza mstari wa kutoka besi ya nyumbani kupitia kwa mrushaji hadi besi ya pili uelekee mashariki, kidogo kaskazini, ili mpigaji asitazame jua la alasiri. Uwanja ukifuata pendekezo hilo, kivuli huanza nyuma ya besi ya nyumbani na upande wa besi ya tatu, yaani kushoto, na watakaoungua ni wa upande wa kulia na mabenchi ya nyuma, ng'ambo ya ukuta wa mbali. Wewe ulikaa kulia, mchana, kiangazi. Si viwanja vyote vinaifuata, hata hivyo. Detroit umeelekezwa kusini kidogo mashariki, na Pittsburgh mashariki kidogo kusini. Kwa hiyo fungua ramani ya satelaiti, uone uwanja umelala vipi, ndipo uchague upande.

Sasa viwanja ambavyo ubaya ni wao wenyewe. Wapo wanaovitetea, sisi hatumo.

Tropicana Field ya St. Petersburg, Florida, iliyofunguliwa 1990, ndiyo pekee katika ligi kuu yenye paa la kudumu lisilofunguka. Nyasi ni bandia, mwanga ni wa taa hata saa sita mchana, na chini ya paa kuna njia za mafundi zilizoning'inizwa kama pete nne. Mpira huzigonga. Wakati mwingine unahesabiwa hom rani, yaani kana kwamba umevuka ukuta wa mbali, wakati mwingine mchezo unaendelea, kutegemea umegonga pete ipi. Oktoba 2024 kimbunga Milton kilichana paa hilo, na msimu wa 2025 timu yake, Tampa Bay Rays, ikachezea Steinbrenner Field kule Tampa, uwanja wa watu kama elfu 11. Uwanja wa timu ya White Sox ya Chicago ulifunguliwa 1991, mwaka mmoja tu kabla ya Baltimore, na bahati mbaya hiyo inaonekana: ghorofa ya juu ilikuwa na mwinuko mkali na mbali na mchezo, hata mwaka 2004 safu nane za juu ziliondolewa, viti kama 6,600. Nao Athletics, timu nyingine ya ligi kuu, baada ya mechi yao ya mwisho Oakland Septemba 2024, walihamia Sacramento Magharibi kwenye uwanja wa ligi ndogo wenye nafasi ya watu kama elfu 14, usio na paa, katika mji ambao joto la Julai huvuka nyuzi 38 mara kwa mara. Kabla ya kulipa, hakikisha timu inachezea wapi msimu huo.

Viwanja kama hivi havifai kurukwa, kwa maoni yetu. Anayezunguka ili kulinganisha anahitaji kuona kibaya pia. Ila kiendee siku ya katikati ya juma kwa tiketi ya bei ya chini, usikifanye cha mwisho, wala usikipangie usiku wa hoteli.

Vibanda vilivyofungwa vina maelezo mepesi. Wafanyakazi huitwa kulingana na tiketi zilizouzwa. Mechi ya Jumanne ya timu inayoshika mkia, ghorofa ya juu hubakiziwa kibanda kimoja au viwili, foleni inakuwa ndefu ingawa uwanja ni mtupu. Shuka ghorofa ya chini ununue huko, kama tiketi yako inaruhusu. Viwanja vingine huzuia mwenye tiketi ya juu asishuke, kwa hiyo muulize mwelekezi mlangoni kabla hujapanda ngazi.

Kuhusu tiketi, tungeichagua hivi. Tafuta kwanza safu za mbele za ghorofa ya juu, nyuma kabisa ya besi ya nyumbani, lakini ruka safu ya kwanza na ya pili kwa sababu chuma cha ukingo hupita mbele ya macho ya mtu aliyeketi. Safu ya nne hadi ya nane ndiyo tamu. Kutoka hapo unaona mpira ukipinda, unaona wachezaji wote tisa wakisogea, na bei mara nyingi ni ndogo kuliko ya benchi la nyuma ambako mpigaji yuko zaidi ya mita 110 nawe. Kabla ya kubonyeza kulipa, soma maandishi madogo: "Obstructed View" au "Limited View" maana yake kuna nguzo, ukuta au chuma mbele yako, na hutarudishiwa pesa kwa sababu uliambiwa. Kisha tafuta picha ambazo watazamaji wamepiga kutoka sehemu hiyo hiyo. Namba ya sehemu na safu zinatosha kuzipata. Tangu Mei 2025 sheria ya Marekani inataka bei unayoonyeshwa mwanzo iwe na ada zake zote za lazima, kwa hiyo ukiona bei imepanda ghafla mwishoni, ondoka.

Ukifika ukakuta kiti hakifai, usiburure hasira hadi mwisho. Nenda dawati la huduma kwa wageni mapema, kabla ya awamu ya tatu kati ya tisa, uwaonyeshe tiketi na tatizo. Uwanja ukiwa na nafasi, mara nyingi wanakuhamisha. Kujihamisha mwenyewe kwenda viti vya chini vilivyo wazi ndiko kunakoleta aibu ya kuinuliwa mbele ya watu.

Sasa ziara yenyewe. Columbus ni mahali pazuri pa kuanzia, mzee wetu. Cincinnati iko kama kilomita 170, Cleveland kama 230, Pittsburgh kama 300, Detroit kama 330. Viwanja vya miji hiyo minne vilifunguliwa 2003, 1994, 2001 na 2000, vyote baada ya Baltimore, vyote vya besiboli pekee. Kasoro ya viti vya mviringo hutaikuta. Anza Cincinnati, kando ya mto Ohio, kwa kuwa ni karibu na unarudi kulala nyumbani. Fuatisha Cleveland na Detroit kwa safari moja, usiku mmoja kila mji. Pittsburgh iwe ya mwisho.

Pittsburgh tunaisifu bila haya. Siku za mechi daraja la Roberto Clemente hufungwa kwa magari, na watu huvuka mto Allegheny kwa miguu kutoka mjini hadi mlangoni. Ukuta wa upande wa kulia una urefu wa futi 21, yaani mita 6.4, kwa sababu 21 ndiyo iliyokuwa namba ya jezi ya Clemente, mchezaji kutoka Puerto Rico aliyefariki tarehe 31 Desemba 1972 ndege iliyobeba misaada ya tetemeko la Nicaragua ilipoanguka. Ukikaa upande wa besi ya tatu unaona majengo ya mji ng'ambo ya mto. Ubaya wa upande huo ni jua la alasiri, kwa vile uwanja umegeuzwa, kwa hiyo nunua mechi ya usiku.

Na mama je? Msimlazimishe safari ya kilomita 300. Columbus kwenyewe kuna Huntington Park, uwanja wa ligi ndogo uliofunguliwa 2009, nafasi ya watu kama elfu 10, mjini, tiketi rahisi, na hakuna kiti kilicho mbali. Mpelekeni jioni moja, nyuma ya besi ya nyumbani. Akiridhika, mtaongea habari za Cincinnati. Asiporidhika, abaki na wifi zake, mwende nyinyi wanaume wawili.

Mimi ni mwalimu. Nina siku kumi Agosti shule zikifungwa, kati ya Washington na Boston, na sitaendesha gari. Nataka viwanja vingi iwezekanavyo. Halafu nimeona mechi imeandikwa 1:05: hiyo ni saa moja ya usiku?
*Mwalimu, Langoni, Lamu*

Hiyo ni saa saba na dakika tano mchana, mwalimu. Ya usiku itaandikwa 7:05, yaani saa moja na dakika tano, na wakati huo Lamu ni saa nane za usiku. Kosa hili limewafikisha watu uwanjani taa zikizimwa, kwa hiyo andika kila mechi kwenye daftari kwa saa zetu.

Kwenye reli yako kuna viwanja sita vya ligi kuu: Washington, Baltimore, Philadelphia, viwili New York (vya timu za Mets na Yankees), na Boston. Sita kwa siku kumi huja kwa bahati ya ratiba. Vitano ni mpango unaoshikika.

Kila timu hucheza mechi 162, nusu yake, 81, nyumbani. Hukaa nyumbani kama wiki moja, kisha hutoka wiki moja. Timu mbili za New York hupangwa zisigongane mara nyingi, kwa hiyo kupata zote mbili nyumbani ndani ya siku mbili ndiko kugumu kuliko kote. Anzia hapo. Chukua karatasi, chora safu sita, moja kwa kila timu, teremsha tarehe zote za Agosti, utie alama siku za nyumbani tu. Tafuta mahali New York moja inaondoka na nyingine inarudi. Hiyo ndiyo nguzo ya safari. Kisha panga Philadelphia na Baltimore kabla yake au baada yake. Washington na Boston ziwe ncha, maana hizo unaweza kuzisogeza kwa kubadilisha mji wa kutua au wa kuondokea. Anayenunua tiketi ya ndege kwanza halafu akafungua ratiba huishia na viwanja vitatu.

Mitego mitatu. Jumatatu na Alhamisi ndizo siku timu nyingi hupumzika. Mechi ya Jumapili mchana inaweza kusogezwa hadi usiku kwa ajili ya televisheni, tena baada ya wewe kununua, kwa hiyo usikate tiketi ya treni ya Jumapili jioni. Na wenye safari za Julai wakumbuke mapumziko ya katikati ya mwezi: siku kama nne ligi nzima haichezi.

Washington hadi Baltimore ni kama kilomita 60, Baltimore hadi Philadelphia 160, Philadelphia hadi New York 150, New York hadi Boston 345. Treni ya Amtrak huunganisha yote. New York hadi Philadelphia ni kama saa moja na nusu, New York hadi Boston karibu saa nne. Kata tiketi mapema, bei hupanda siku zikikaribia. Kati ya Washington na Baltimore treni ya abiria ya MARC ni rahisi zaidi. Ina njia mbili: Camden Line inasimama ubavuni mwa uwanja lakini haifanyi kazi wikendi, na Penn Line inafanya kazi kila siku ila kituo chake kiko kama kilomita tatu kutoka uwanjani.

Ndani ya miji: Washington panda treni ya mjini, njia ya kijani, ushuke Navy Yard. Philadelphia panda treni ya Broad Street hadi mwisho wake wa kusini. New York, treni namba 7 kwa Mets, na namba 4 au D hadi mtaa wa 161 kwa Yankees. Boston, njia ya kijani hadi Kenmore. Usijaribu teksi baada ya mechi, magari hayasogei.

Mzigo ndio unaowakwamisha wasafiri wa treni. Kipimo cha kawaida cha begi ni kama sentimita 40 kwa 40 kwa 20, na viwanja vingine vinakataza kabisa begi la mgongoni. Sanduku halitaingia, na karibu na viwanja vingi hakuna pa kuliweka. Liache hotelini au stesheni kubwa ya Amtrak kabla ya kwenda.

Tiketi ni za simu, na alama yake hujibadilisha, kwa hiyo picha ya skrini inaweza kukataliwa mlangoni. Ipakue ukiwa bado kwenye intaneti ya hotelini. Viwanja vingi pia havipokei noti, kadi tu. Vingine vina mashine inayomeza dola zako na kukutolea kadi.

Assalaam aleikum. Kijana wangu anasoma Boston na ametununulia tiketi za mechi ya saa moja usiku, mwezi wa Julai. Tutakula nini, na Magharibi tutaisali wapi?
*Mama Wawili, Mkomani, Lamu*

Wa aleikum salaam, mama. Soseji ya kawaida ya uwanjani ama ina nguruwe au ni ya ng'ombe asiyechinjwa kisheria. Kuandikwa kuwa ni ya ng'ombe tupu hakuifanyi halali. Viazi vya kukaanga vinaweza kupita mafuta yale yale ya kuku na soseji, kwa hiyo uliza. Vilivyo salama ni karanga za maganda, bisi, matunda na aiskrimu. Viwanja vichache, hasa New York, vina kibanda cha chakula cha Kiyahudi, lakini hufungwa Ijumaa usiku na Jumamosi, na kama kinakufaa au la, muulize shehe wako.

Bora ni kubeba. Viwanja vingi huruhusu chakula cha nyumbani kwenye mfuko laini unaoonyesha ndani, na chupa ya maji ya plastiki ambayo haijafunguliwa. Kioo na makopo hapana. Sambusa kavu na mahamri hupita bila maneno; biriani kwenye hotpoti itarudishwa. Kijana asome masharti ya uwanja huo usiku wa kuamkia mechi, maana hubadilika kila msimu.

Sala: Julai jua la Boston linazama kati ya saa mbili na dakika tano na saa mbili na dakika ishirini na tano usiku, yaani takriban awamu ya nne au ya tano. Ukiondoka kiti katikati ya awamu, mwelekezi atakuzuia kurudi mpaka mpigaji amalize. Toka awamu inapokwisha, wachezaji wanapobadilishana, urudi hivyo hivyo. Dawati la huduma kwa wageni liulizwe mapema kama kuna chumba tulivu. Viwanja vingi vinacho. Kikikosekana, miisho ya ujia wa ghorofa ya juu, palipo na vibanda vilivyofungwa, huwa patupu. Mkeka mwembamba wa kukunja utapita ukaguzini. Kibla kutoka Boston ni upande wa kaskazini mashariki, si kaskazini kama mlivyozoea Lamu, kwa hiyo tumieni dira ya simu. Na msafiri ana ruhusa zake za kuchanganya. Hilo pia ni la shehe.

Mvua ikinyesha, pesa inarudi?
*Msomaji, Watamu*

Mara chache. Mechi ikiahirishwa kabla haijaanza, tiketi huhamia tarehe mpya, ambayo wewe huenda utakuwa umesharudi nyumbani. Ikisimamishwa kabla ya awamu tano, siku hizi huendelezwa siku nyingine pale pale ilipokatikia, na haki ya mwenye tiketi hutegemea masharti ya timu. Kurudishiwa pesa kamili hutokea mechi ikifutwa kabisa. Kwa hiyo usipange uwanja siku ya kuamkia ndege, na ukiweza nunua mechi ya kwanza kati ya tatu wanazocheza mfululizo, ubaki na nafasi ya kuhamia ya pili. Viwanja saba vina paa la kufunguka na kufungwa, nako mvua si hoja: Seattle, Phoenix, Houston, Arlington, Milwaukee, Miami na Toronto. Toronto iko Kanada na inataka viza yake. Hakikisha pia ya Marekani inakuruhusu kuingia mara ya pili.

Vijana wa mtaani wananiuliza uwanja wenyewe ukoje. Nataka kuwachorea mchangani kabla sijasafiri. Vipimo ni vipi?
*Kocha wa mpira, Mambrui*

Chora maji yakiwa yamekupwa, mchanga mgumu, na angalia kama ni bamvua ili usifukuzwe katikati. Unahitaji tepe mbili za kupimia, vigingi vinne na watu watatu. Kamba ya nailoni usiitumie kupimia, inavutika.

Piga kigingi cha besi ya nyumbani. Kutoka hapo pima mita 38.79 moja kwa moja kuelekea katikati ya uwanja. Hapo ni besi ya pili. Sasa mtu mmoja ashike utepe besi ya nyumbani, mwingine besi ya pili, kila mmoja kwa mita 27.43. Zinapokutana kulia ni besi ya kwanza, zinapokutana kushoto ni ya tatu. Ukianza kwa kupima pande nne kwa kukisia pembe, mraba utapinda na mstari wa kushoto utaishia baharini.

Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka ncha ya nyuma ya besi ya nyumbani. Wengi humweka katikati ya mraba, ambako ni mita 19.40, na mpigaji anapewa nafasi asiyostahili. Watoto wa miaka 12 kushuka chini hutumia besi za mita 18.29 na mrushaji mita 14.02.

Ukuta wa mbali katikati huwa kama mita 122 kutoka kwa mpigaji, kwa hiyo uwanja wa soka wa mita 105 hautoshi hata ukianzia kwenye kona. Mpira halisi una uzito wa gramu 142 hadi 149, ni mgumu, na ngozi yake hunywa maji ya chumvi ikaharibika siku hiyo hiyo. Wape wa tenisi.